Ziwa la Tatu

Wanasema nimejifungua.
Basi hii iliyonikaza chini ya kanga
siku ya ishirini na tisa leo
ni kamba ya nani?

Mtoto analia. Nampa ziwa la kushoto.
Analia. Nampa la kulia.
La tatu liko kule chini, nyuma ya mabati ya Igogo,
pana, kimya, halidai kitu.
Silitazami.
Tangu Jumatatu nimeupa mlango mgongo,
natazama jiwe.

Nyumba yetu imeegemea jiwe kubwa kuliko nyumba.
Mume wangu hulisifu kwa wageni:
ukuta ambao hatukumlipa fundi.
Usiku linatoa joto la mchana kutwa.
Nimelilaza shavu pale, nimelionea wivu,
jiwe halijaulizwa na mtu kama maziwa yanatoka.

Wanakuja na sabuni, na mchele, na doti ya kanga.
Hongera, mama Nshoma! Hongera!
Asante, nasema. Asante.
Asante yangu imechakaa kama noti ya sokoni.
Mama mkwe anakoroga uji wa pilipili manga:
mbona huchangamki, wenzio wanatafuta hawapati?
Najua.
Hilo nalijua kuliko yeye, na ndilo linalonikaba.

Uchungu umekwisha, walisema.
Wa kiuno, ndiyo.

Zamani nilikata sangara kiwandani,
minofu mia tatu kwa zamu, mkono haukutetemeka.
Jana nilivifungia visu vyote ndani ya ndoo
nikasema vina kutu.

Kliniki, Butimba.
Nshoma akaning'inia kwenye mizani kama kitu cha kuuzwa.
Kilo nne na robo. Mstari unapanda, mama, vizuri.
Kadi ina mstari wake.
Nikautafuta wangu. Nikageuza.
Nyuma kuna picha ya chandarua.

Nesi Kokushubira alikwisha kumwita wa nyuma yangu,
kalamu iko hewani, akasema:
Na unalala?
Nikasema, analala.
Sijamuuliza yeye.

Foleni ilifika hadi nje, kwenye jua.
Labda walikohoa, labda walisonya, sikusikia.
Nilifungua mdomo, na kilichotoka
hakikuwa neno bado,
kilikuwa kama maji ya ndoo inayopandishwa mlimani,
yanaruka ukingo, yanakulowesha wewe uliyeyabeba.
Nikasema, visu.
Nikasema, ziwa.
Akauliza, lipi?
Nikanyoosha kidole dirishani.

Hakuita watu. Hakusema pole.
Alisukuma mlango kwa mguu, akavuta kiti,
akaniuliza jina. Siyo mama nani. Langu.
Kwandu, nikasema, na lilikuwa geni mdomoni,
kama kiatu ulichokivaa kabla ya kuvimba miguu.
Akaliandika pembeni mwa kadi, pasipo na mstari.

Kisha akampokea Nshoma.
Mikono yangu ikabaki mitupu.
Sikujua niiweke wapi.
Nikaikalia.