Zamu ya Nani

Tulitoka Salt Lake saa tano asubuhi, Gwakisa akiendesha,
kwanza jangwa jeupe la chumvi, kisha jangwa tu,
na jioni akasema: Mama, tunyooshe miguu Reno, saa moja,
mji huu unajiita mdogo ulio mkubwa kuliko yote duniani.
Nikacheka. Hata Tukuyu haijajisifu hivyo.

Mlango ulijifungua wenyewe.
Ndani hakuna dirisha, hakuna saa ukutani.
Zulia lina maua yasiyoota popote
na mashine mia, na mia tena, zote zinasema kwa pamoja
kama darasa ambalo mwalimu ametoka.

Msinione hivi, nami ni mcheza mchezo.
Miaka kumi na tisa kijumbe wa upatu, Soko Matola,
wanawake kumi na wawili, elfu kumi kila Jumamosi,
daftari la mistari, kalamu nyekundu kwa wachelewaji.
Tusekile alipopokea aliezeka. Atuganile, cherehani.
Sikudhani alipofiwa na mumewe
tuliruka zamu tatu tukampa, na hakuna aliyenuna.
Haya, mmoja alinuna. Ni mimi. Zamu ilikuwa yangu.
Lakini ilifika.
Kwetu zamu huchelewa, haipotei.

Gwakisa akanipa noti ya dola tano: jaribu, Mama, ni mzaha tu.
Jirani yangu bibi wa Kizungu, mtungi wa oksijeni miguuni,
mpira puani, kidole kikibonyeza, kikibonyeza,
kama mtu anayegonga nyumba ambayo wenyewe walishahama.
Nikamsalimu. Anaitwa Arlene.
Akasema bila kugeuka: hiyo yako imeshiba,
itatapika sasa hivi.

Ikatapika.
Ikapiga vigelegele vya harusi isiyo na bibi harusi,
Gwakisa akaruka kama alivyoruka alipofaulu darasa la saba.
Dola thelathini na moja, senti arobaini.
Wala si sarafu. Kikaratasi, bado kina joto.

Nikauliza: hii ni zamu ya nani?
Yako, Mama, akasema.
Nikamtazama Arlene.
Kidole. Kidole.

Nje baridi kavu, na mto Truckee chini ya daraja,
maji machache yanayojua yanakokwenda.
Watu husimulia, Gwakisa akasema, kwamba zamani
wanawake walioachika walikuja kutupa pete zao humu.
Mimi sikuwa na ya kutupa.
Yangu ilikwenda kwenye ada ya huyu huyu
aliyesimama hapa akitafuta funguo za gari.

Kikaratasi sikukibadilisha.
Sacramento, usiku wa manane, nikafungua daftari
(nimesafiri nalo; mwenye hela za watu haliachi)
nikaandika: Reno. Dola thelathini na moja, senti arobaini.
Mpokeaji: mimi.
Mtoaji:
na kalamu ikasimama hapo,
nukta ya wino ikipanuka, ikipenya ukurasa wa pili.