Jibu kwa Zuwena, Anayetaka Kununua

Zuwena,
uliniuliza Jumapili na leo Alhamisi.
Usinune. Kila nikiandika *shangazi*
tableti hii inaandika *Shanghai*,
na mara mbili nimekutumia salamu za Uchina
nikazifuta kabla hujaamka.

Basi sikiliza.
Niliinunua Ruwi, riali sitini na nne,
kwa yule Mmalabari mwenye subira
aliyenipangia tatu juu ya kioo:
ya rahisi, nyepesi kama kopo tupu;
ya ghali, sikuigusa, nilichelea kuitia alama;
na hii ya katikati.
Nikasema nipe hii.
Mimi ni mtoto wa tatu kati ya watano,
Mmanga kule Unguja, Mzinjibari hapa Sib.
Katikati napajua.

Nianze na uzuri wake, ndiyo adabu.
Herufi, Zuwena. Herufi!
Unazitanua kwa vidole viwili
mpaka Yasini yote inasomeka bila miwani.
Betri ina roho ya punda:
naichaji Ijumaa baada ya Isha,
Jumapili usiku bado inatembea.
Ubavuni ina kijitundu cha kadi,
nimetia humo harusi nne na Umra mbili
na pakabaki nafasi.
Jikoni naiegemeza kwenye mfuko wa sukari,
namtazama mwanamke wa Tanga akimimina mkate,
namgusa kwa kidole chenye tui, anasimama.
Nani mwingine nyumba hii
nikimwambia simama, anasimama?

Sasa aibu zake.
Kamera, Mungu atusitiri.
Ghalia alipohitimu nilimpiga picha kwa hiyo,
akatoka kama aliyezama kwenye bakuli la uji.
Mtoto hakusema kitu. Alitundika ya simu ya rafiki yake.
Na kumbukumbu ni haba: wajukuu wakitia mchezo mmoja wa magari
inaniomba nifute kitu.
Nimefuta ramani. Nimefuta hali ya hewa.
Hali ya hewa ya Maskati naijua.

Agosti niliisahau garini, soko la Mabela,
dakika ishirini, kununua nguru.
Nikaikuta imeandika kwamba ina joto,
ingoje ipoe.
Nikakaa nayo mbele ya kiyoyozi
nikiipepea kwa risiti ya samaki.
Haki yake. Na mimi kila Agosti
natamani kuandika hivyo usoni, watu waningoje.

Muhanna anasema mwakani kampuni itaacha kuiletea masasisho.
Nikamwuliza, itakufa?
Akasema, hapana mama, itaendelea tu,
ila haitajifunza jambo jipya.
Nikamwambia, basi itakuwa kama baba yako.

Halafu lipo hili, sijui nilitie upande gani.
Nikimpigia Nunu wa Wete kwa picha
sauti yake hufika kabla ya mdomo,
na mara uso unaganda. Labda tableti, labda mtandao,
labda Wete yenyewe.
Mwezi uliopita aliganda akicheka,
kichwa nyuma, lile pengo la jino wazi,
dakika nzima, labda zaidi.
Vidole vyangu vilikuwa juu ya kitufe chekundu.
Sikukata.

Kwa hiyo ununue?
Kama ni kusoma, kupika na kumwona Nunu, nunua.
Kama ni harusi ya mwanao, azima simu ya mtu.
Usidanganywe na jalada la maua, linazidisha joto.
Na boksi lake halina kichwa cha chaja! Waya upo, kichwa hakuna,
na Mmalabari atakuambia ukishalipa.

Au njoo kwanza uishike mwenyewe, ulale siku mbili.
Ukija niletee tende za huko, na kichwa cha chaja,
changu wamekipoteza.

Nimechoka kufuta, naiacha ilivyo:
wako akupendaye,
Shanghai Shinuna.