Mwangaluka

Nje ya uwanja wa ndege, sijashusha begi,
Nkwabi ameshalidaka.
"Hadi Capri Point? Elfu thelathini na tano."
Nikamwambia: mwangaluka.
Akacheka, akafuta vumbi la kiti kwa kiwiko.
"Kumbe wa nyumbani. Basi ishirini."

Pasiansi. Mawe yamepandana
kama vyungu vya mtu anayehama,
juu ya jiwe nyumba, juu ya nyumba nguo zimeanikwa.
Akaniuliza jambo kwa Kisukuma, jambo refu.
Nikaitika, "Ee."
Akauliza tena.
Nikageukia ziwa, kana kwamba ziwa ndilo lililoulizwa.

Nilikuwa na neno moja tu
na nimeshalitumia lote pale mlangoni.
Mengine mama alizikwa nayo Dodoma;
mimi aliniachia salamu ya asubuhi
na jina, Kabula, la mtoto wa masika.

Kirumba, foleni. Harufu ya dagaa ikaingia bila kubisha.
Kongoti mmoja akavuka barabara kwa miguu,
akatupita.

Nkwabi akazima redio.
Safari hii kwa Kiswahili, taratibu,
kama anayemnywesha mtoto dawa:
"Nilikuuliza tu, huko utokako mvua imenyesha?"

Sikumbuki nilijibu nini.

Hotelini mlinzi akainua geti.
Nikahesabu thelathini na tano, noti mpya za benki,
nikazisukuma kwenye kiganja chake.
Akalamba kidole, akahesabu,
akanirudishia kumi na tano kupitia dirishani.
"Si ulishasalimia?" akasema,
akageuza gari.