Herufi Arobaini na Mbili

Chumba cha kuhariri kipo juu ya duka la mazulia,
Spring Bank, mjini Hull. Kanuni nimeibandika ukutani:
herufi arobaini na mbili kwa mstari,
mistari miwili, sekunde sita, basi.
Lisilotosha humo, lilale nje.

Mama Wilondja yuko jikoni kwake, ghorofa ya nne,
sweta ya zambarau, bizari kwenye kucha.
Philippa, mwenye filamu, anamuuliza vita.
Yeye anajibu sufuria.

"Ilikuwa na mfuniko mwekundu.
Maharage yalikuwa yanatokota.
Nikasema, nitarudi kuepua."

Kiingereza hakina kuepua.
Kina kuondoa, kina kushusha, maneno ya mizigo,
hakuna hata moja linalojua kwamba mikono huungua.
Nimeandika: aliacha chakula motoni.
Herufi zimetosha, zimebaki na nyingine.

Kisha wale vijana.
"Mmoja nilimpakata alipougua surua,
mama yake yuko shamba.
Basi siku hiyo kaja, kanipa mikono miwili,
kwa adabu, bunduki inaning'inia begani.
Mama, hujambo? Mbuzi wako wapi?"

Hapo anacheka.
Philippa anataka nimfafanulie kicheko.
Nimemwambia kicheko hakiandikwi chini.

Anahesabu watoto kwa vidole:
wa kwanza, wa pili, wa tatu.
Kidole cha nne anakikunja, mkono unaingia chini ya meza.
Sekunde kumi na moja.
Mashine ya kufulia inazunguka,
nje mtoto wa jirani anapiga mpira ukutani,
tu, tu, tu,
na kioo changu kitupu, sina la kuandika.
Philippa ameacha karatasi: tukate?
Nimeigeuza, nimewekea kikombe juu.

Jumanne nilimpigia simu, nimuulize jina la kijito.
Akanitajia. Akanitajia na kivuko chake,
na jiwe walilokuwa wakifulia.
Kisha akasema, sauti imeshuka:
"Na wewe mwanangu unayeniandika,
wewe ni wa nani?"

Nikataja jina la mama.
La baba lingetaja kilima,
kilima kingetaja mwaka,
na mwaka ule, vijana wa kilima chetu
walirudi nyumbani na mbuzi.
Tulikula. Nilikuwa na miaka sita.
Nakumbuka chumvi ilizidi.

Simu ikanyamaza.
Nilizoea kuhesabu, nikahesabu.
Nilifika tisa.

"Haya," akasema. "Mfuniko ulikuwa mwekundu.
Usiuache."

Usiku nikarudi dakika ya tatu.
Nikafuta chakula. Nikaandika maharage,
nikaandika mfuniko, nikaandika rangi yake,
nikahesabu kwa kidole kwenye kioo kama mtoto wa chekechea.
Mstari umezidi herufi mbili.
Nimeuacha uzidi.