Ngazi ya Mlango wa Jikoni

Nusu ya msimu imekwisha, nami nina chaki.
Timu kumi na nane nazipanga kwenye mlango wa jikoni,
upande wa ndani, wageni wasione.
Kaka yangu Famau, aliyeondoka na meli ya kondoo akashukia Perth,
ndiye aliyeniambukiza:
mpira wenye umbo la papai,
nguzo nne bila wavu,
wanaume wanaopandiana mabegani
kama watoto wanaoiba zambarau.
Hapa Makadara ni saa moja asubuhi, kwao jua limeshapinda.
Nakaanga mahamri, jicho moja li kwenye simu.

Kunguru wa kwanza. Inaniuma.
Wameshinda tisa, nani atabisha?
Lakini kunguru nawajua.
Namjua aliyempokonya Bi Mwanakheri kichwa cha changu
pale Marikiti, mchana kweupe, bila haya.

Simba wa pili; mwenda pole, nyama bado.
Bata wa tatu, wanatembea
kama bwana harusi aliyeazima kanzu.
Mwewe wa tano, wamepanda tangu Mei.
Wa tisa ni pengo. Wale wanaitwa Mashetani,
na Nyanya amekataa:
"Jina hilo haliandikwi nyumba inayosomwa maulidi."

Kazi ni Makuli.
Ndilo jina lao, wallahi, na nanga kifuani.
Baba alibeba magunia Kilindini miaka thelathini na moja
hadi makontena yakapanda treni, yakampita,
mgongo ukabaki na umbo la gunia.
Nilipomwambia kuna timu ya makuli duniani,
inalipwa, inapigiwa makofi,
alinitazama kama nimesema pweza anaswali.
Sasa hakosi mechi.

Nimewapanga wa kumi na mbili.
Robo tatu wanaongoza,
robo ya nne wanayeyuka kama lambalamba.

Baba akaja na kikombe cha tangawizi,
akasoma kutoka juu, kidole mbaoni,
akafika kumi na mbili, akasimama.
"Nani kapanga?"
"Hesabu, Baba."
"Karani naye alikuwa na hesabu," akasema.
"Mimi nikibeba mia, yeye akiandika themanini."

Mchezo huu una jambo:
ukilikosa goli kwa upana wa nguzo, wakupa pointi moja.
Baba hulipenda hilo kuliko goli lenyewe.
"Kukosa kungelipwa hapa, ningekuwa na ghorofa Nyali."

Jioni nikakuta mlango umefutwa kwa kiganja kipana.
Makuli wa tano, kwa mwandiko unaotetemeka.
Mwewe katupwa chini kabisa, karibu na bawaba.
Nikaishika chaki.
Nikairudisha kwenye kopo la chumvi.

Leo asubuhi Famau kapiga:
wamefungwa tena, kwa pointi moja.
"Mzee ameamka?"
Bado, nikasema, nikashusha sauti ya simu.
Mahamri yanaungua.
Dirishani kunguru kainamisha kichwa,
ananitazama, wa kwanza.