Kidole Kimoja

Suruali ya Nkwabi, mtumba wa Mlango Mmoja,
ilishonewa mtu mrefu wa nchi ya baridi:
nzito, nyeusi, miguu inafagia sakafu.
Usaili wa bandarini Jumatatu.
Leo Jumamosi, saa mbili usiku,
fundi wa pale chini, jirani na mashine ya kusaga,
keshafunga; na Holo yuko Ukerewe
anamuuguza mama yake.

Basi nikaifunua cherehani.
Miaka kumi na minne naisikia ikilia nyuma ya pazia,
sijawahi kukaa upande ule wa sindano.
Uzi nikautunga mara sita. Mara ya saba
nikaulamba, kama nilivyomwona Holo akifanya,
ukapita.
Bobini ikanigomea, ikatapika nyuzi chini ya kitambaa,
kiota kizima; nikakikata kwa wembe huku nikisonya.
"Baba," Nkwabi akasema, "kanyaga polepole, siyo baiskeli."

Kumpima sikujua. Nikachukua suruali yangu ya Jumapili,
maana siku hizi tunalingana, kiuno hadi nyayo,
nikailaza juu ya yake, mguu kwa mguu,
nikapiga mstari kwa kipande cha sabuni,
nikakunja, nikabana pini, nikashona
mshono uliokwenda kama siafu waliopotezana.

Akavaa. Akasimama.
Kulia pindo linagusa kiatu.
Kushoto soksi inachungulia.

Nikailaumu sakafu. Nyumba zetu za Bugarika
tumezibandika juu ya mawe;
gololi ikidondoka sebuleni
inautafuta mlango yenyewe.
Nikamsimamisha nje, kwenye jiwe bapa la kuanikia udaga.
Soksi bado inachungulia.

Nikampigia Holo. Swali la kwanza: "Umekata?"
"Sijakata. Nimekunja tu."
Nikamsikia akishusha pumzi, ng'ambo yote ile ya maji.
"Ulipimia nini?"
"Suruali yangu. Ile ya kijivu."
Akanyamaza, nikadhani mtandao umekatika.

"Baba Nkwabi. Mguu wako wa kushoto ni mfupi.
Kidole kimoja. Tangu boriti ile ikuangukie Kirumba.
Mfupa uliungana ulivyotaka wenyewe.
Wewe ulisema umepona, majirani wakasema umepona,
nikaona nibishe ya nini?
Kila suruali yako, kushoto naikunjaga zaidi.
Sasa mtoto yeye hakuangukiwa na boriti.
Fumua kushoto, fuata kulia.
Na pasi usisahau."

Nikafumua. Umeme ukakatika;
Nkwabi akanimulikia kwa simu, mkono umemchoka,
mwanga ukawa unashuka taratibu hadi magotini kwangu
na mimi nikaufuata na kitambaa.
Hatukuzungumza.

Alipolala nikaipindua ile ya kijivu,
nikaitafuta kazi ya Holo kwa kidole gumba:
mishono midogo, uzi wa rangi ileile,
kazi ya mtu asiyetaka ionekane.

Jumatatu alfajiri tulishuka ngazi za mawe,
yeye mbele, mapindo yote mawili yakigusa viatu,
la kushoto limepinda kidogo, ukilitafuta.
Mimi nyuma na bahasha ya vyeti.
Na pale mashine ya kusaga ilipokuwa bado haijawashwa
nikasikia, kwa mara ya kwanza,
kiatu kimoja kikichelewa.