Breki za Babu Eliakunda

Kila Krismasi, supu ikishaiva,
baba mdogo Ndelilio huianza upya:
siku ya posa Babu alishuka kutoka Kidia
juu ya pikipiki ya magunia matatu ya kahawa,
mbuzi kambeba mgongoni kama mwana,
galoni ya mbege mapajani,
na pale kwenye kona ya kanisa
breki zikakataa.

Akalipita lango la wakwe. Vuuu!
Wazee wamesimama, kofia mkononi.
"Nakujaaa!" akasema.
Mbuzi naye akasema lake.
Vumbi likamalizia salamu.

Alisimama Kiboriloni, ndani ya matenga ya nyanya.
(Mwaka jana yalikuwa ya parachichi.
Mwaka huu mbuzi ndiye aliyeshika usukani.)

Akaupanda mlima akisukuma,
akafika usiku,
mbege imebaki povu,
mbuzi anahema kuliko bwana harusi.

Leo chuma chenyewe kimelala mgombani,
kuku wanatagia kwenye taa.

Tunacheka mpaka supu inapoa.
Bibi anamenya ndizi, hamtazami mtu:

"Breki zilikuwa nzima.
Alimwona baba yangu langoni."